Mkia Haupiti Mtu

Kitendawili. Haya, itikieni basi, msinitazame kama mliomeza pamba. Nina watoto wengi, wote nawajua kwa visogo, sura zao sizijui. Mimi nani?

Mmoja atasema kinyozi, lakini kinyozi huzunguka mpaka mbele. Mwingine atasema kaburi, maana watu wakishindwa hukimbilia kaburi. Mmeshindwa, nipeni mji. Nimeupokea, ila jibu silitoi kwanza. Jibu liko barabarani, linakanyaga baiskeli juani, na limeanza kutukanwa tangu asubuhi.

"Pita," alisema mzee bila kugeuka.

"Sipiti, Mwalimu," alijibu Mama Mkia.

"Barabara hii ni ya baba yako?"

"Ingekuwa ya baba yangu ningeshaupunguza huu mlima."

Mzee hakucheka. Hakutoka kwake kuja kucheka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mkavu kama ufito, na ile baiskeli ya kukodi ilimkaa vibaya, magoti yakipanda mpaka karibu na masikio. Safari yenyewe alilipiwa na wanawe. Walimwambia akapunge upepo na wenzake, akaone kasri la wafalme wa zamani, arudi jioni. Naye alikubali kwa kinywa huku moyoni akijua kwamba mtu anayelipiwa safari ya kutwa ni mtu ambaye wa nyumbani wanataka kupumua akiwa hayupo. Hasira hiyo hakuweza kuwaachia wanawe, kwa hiyo alikuja nayo, na wa karibu kupokea alikuwa huyo aliyekuwa nyuma yake.

Mama Mkia alikuwa amevaa fulana nyekundu iliyopauka mabegani. Nyuma ya baiskeli yake palifungwa kisanduku cha bati chenye spana, viraka, gundi na pampu, na kila aliporuka shimo kisanduku kilicheka kwa sauti ya chuma. Mbele kabisa, mbali, juu ya mlima, ilionekana bendera ndogo ya njano ikipotea. Hiyo ilikuwa ya kichwa. Kichwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Kazi ile ina sheria zake, na sheria hizo alizitunga marehemu zamani, walipokuwa na baiskeli kuukuu chache na kibanda cha mabati. Mmoja anakuwa kichwa, anaongoza. Mwingine anakuwa mkia, anafunga. Kila penye njia panda, kichwa humsimamisha mteja mmoja pale awe nguzo, awaelekeze wenzake kwa mkono. Nguzo haina ruhusa ya kuondoka mpaka iione ile fulana nyekundu. Mkia ukishafika, nguzo hupanda baiskeli na kutangulia, kwa maana nyuma hakuna tena mtu. Kwa hiyo mkia ni kama mtu anayekunja mkeka: kila anapopita, njia inakunjwa nyuma yake. Na wakifika mahali, kichwa huuliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Mkia hujibu, "Wa mwisho ni mimi." Basi. Wote wamefika, hakuna haja ya kuhesabu watu kama mbuzi.

Ndiyo maana mkia haupiti mtu. Mtu akisimama kunywa maji, nawe simama. Akienda kichakani, tazama upande mwingine, lakini simama. Kwa kazi hiyo Mama Mkia amewajua watu wengi kwa visogo vyao. Kisogo cha mwoga hujikunja, kisogo cha mwenye majivuno hung'aa jasho kabla ya wengine, na wanandoa waliogombana utawajua kwa jinsi visogo vyao vinavyokataa kugeukiana. Haya, mji wenu huo, nimewarudishia.

Sasa msikie lililokuwa limemkaba tangu asubuhi.

Alfajiri akiwa amepiga goti anajaza upepo, shemeji yake alimjia akichezea kipaza sauti chake kipya.

"Shemeji, nimeongea na mtu mwenye pikapu."

"Tunahama?"

"Pikapu ifuate nyuma. Anayechoka anapakiwa. Haina maneno, haina magoti yanayouma."

"Na pancha itaziba yenyewe?"

"Pikapu haizibi, inabeba. Nisikilize. Leo nakutazama. Mteja mmoja akinilalamikia juu yako, mmoja tu, wiki ijayo mkia una magurudumu manne."

"Kazi hii kaka yako aliniachia mimi."

"Kaka yangu yuko alipo. Kichwa ni mimi."

Alisema hivyo na kwenda kuwapigia wateja makofi wajipange. Mama Mkia alibaki na pampu mkononi. Hakuwa na kazi nyingine. Na hata angekuwa nayo, kila safari alipomaliza mlima ule na kuona njia tupu nyuma yake, alijiona bado anatembea na mumewe, mume mbele na yeye nyuma, watu wa watu wakiwa salama katikati. Pikapu ingekuja kukaa hapo.

Sasa huko mlimani, mzee alisimamisha tena baiskeli, akaweka mguu chini. Mama Mkia naye akasimama.

"Nimekuambia upite."

"Nami nimekuambia kazi yangu ni kuwa nyuma, Mwalimu. Nenda polepole upendavyo. Mimi sina haraka."

"Sikuulizi una haraka gani. Sipendi mtu mgongoni." Alijifuta jasho kwa kiganja. "Wewe mama una mume?"

"Nilikuwa naye."

"Alikwenda wapi?"

"Alifariki."

"Basi naye alichoka kuchungwa kisogo," alisema mzee. "Na usiponipita sasa hivi, tukifika huko nitamwambia yule kijana wa kipaza sauti kwamba mmeniwekea mwanamke wa kunipumulia shingoni kama kibaka."

Maneno mawili yalimpiga kwa pamoja, moja kifuani, moja tumboni. Lile la kifuani lilimtia moto, lile la tumboni likamwonyesha pikapu. Mama Mkia alirudisha mguu kwenye pedali. Alisimama juu ya pedali, akakanyaga kama anayeua nyoka, na akampita mzee bila kumtazama. Kisanduku kilicheka. Alipofika kileleni hakugeuka.

Chini ya mlima palikuwa na njia panda. Kulia ndiko kwenye kasri. Kushoto ni barabara ya machimbo, ya malori ya kokoto. Nguzo ya hapo alikuwa bibi harusi mchanga aliyekuja fungate na mumewe. Alikuwa ameketi juu ya jiwe akimenya chungwa, amechoka kusubiri. Alipoiona fulana nyekundu aliruka.

"Alhamdulillahi, shangazi. Nilidhani nitaota mizizi hapa."

Lilikuwa jambo la neno moja. Ngoja. Lakini kinywa kilichojaa hasira ni kama kinywa kilichojaa ugoro: mwenyewe hawezi kukifungua bila kuchafua. Mama Mkia alisimama akiwa amekifunga. Bibi harusi akatupa maganda, akapanda baiskeli, akatangulia. Njia ikakunjwa.

Kasri lilikuwa juu ya kilima kidogo, limezungushiwa ukuta wa mawe wenye kuvu, na lango la mbao lililopigwa misumari mikubwa ya shaba. Mama Mkia amefika pale miaka na miaka, na hajawahi kuona ndani. Wengine wakiingia, mkia hubaki nje na baiskeli. Ukuta ule anaujua kama mke wa mvuvi anavyoujua mlango: pale pana ufa wenye umbo la mkono, pale pana nyuki. Mumewe alikuwa akimwambia, siku moja nitakushika mkono nikuonyeshe kitanda cha mfalme, utacheka, ni kifupi kuliko chetu.

Wateja walikuwa wamejipanga mbele ya lango. Bawabu, mzee mnene mwenye funguo kiunoni, alikuwa tayari amefungua ubao mmoja. Kwake kundi huingia pamoja na hutoka pamoja. Akishafunga, hata mfalme mwenyewe angefufuka asingefunguliwa.

Shemeji aliinua kipaza sauti bila hata kutazama nyuma.

"Nani wa mwisho?"

Kimya.

Watu waligeuka. Mama Mkia alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa ulimini, limezoea njia yake, lingetoka lenyewe kama kikohozi. Alilimeza.

Shemeji alirudia, safari hii bila kipaza sauti. "Nimeuliza, nani wa mwisho?"

"Mwalimu hayupo," alisema Mama Mkia.

"Hayupo vipi na wewe umefika?"

"Nilimpita."

Muuza vioo, mteja mwenye tumbo lililotangulia njia nzima, alipiga ulimi. "Sisi tumelipa kuona kasri. Hatukulipa kuona mzee."

"Jamani, jua hili," alisema mwingine. Bibi harusi alikuwa amemtazama Mama Mkia kwa macho yaliyoanza kuelewa. "Kumbe niliondoka bure," alisema polepole. "Shangazi, mbona hukuniambia?"

Shemeji alimsogelea Mama Mkia mpaka harufu ya mafuta yake ya nywele ikamfikia.

"Sema ni wewe," alinong'ona. "Sema neno lako tuingie. Mzee atafika, ana miguu."

"Njia panda haina mtu. Ataingia machimboni, kwenye malori."

"Yeye ndiye aliyekuambia umpite?"

"Ndiye."

"Basi amekula alichopika. Hata akilalamika, nitakutetea. Sema tu."

Tazameni jinsi mlango wa mtego unavyopakwa asali. Kwa mara ya kwanza tangu matanga, shemeji yake alikuwa anampa ahadi ya kumtetea. Mama Mkia aligeuza usukani.

"Ukiondoka," shemeji alisema, sasa kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "ujue pikapu naipigia simu nikiwa humo ndani. Na wewe bawabu, shuhudia, mimi nimemkataza."

"Mimi nashuhudia lango," alisema bawabu. "Ya koo zenu malizeni nyumbani."

Mama Mkia akaondoka, na nyuma yake akasikia ubao wa lango ukifungwa na funguo zikipiga kelele.

Barabara ile hakuwahi kuirudia peke yake saa kama ile. Ilikuwa kama kumtazama usoni mtu uliyezoea kumwona kisogo: kila kitu kilikuwepo lakini hakikuwa na salamu. Mbwa wa nyumba ya kwanza, ambaye huwa hajali kundi zima, alimkimbiza hadi mwisho wa ua. Magoti yalianza kumkumbusha umri. Alipofika njia panda alikuta jiwe tupu na maganda ya chungwa, na sisimizi wameshayafikia.

Hatua chache ndani ya barabara ya machimbo, mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo uani, nguo zenyewe zimeshaanza kuwa za kijivu kwa vumbi.

"Hodi hapo, mama. Umeona mzee wa baiskeli?"

"Mrefu, amekunjana kama panzi?"

"Huyo huyo."

"Kapita. Nikamwamkia. Akaniuliza nimelipwa shilingi ngapi kumwamkia." Alikung'uta shuka kwa nguvu. "Ni baba yako?"

"Si wangu."

"Shukuru."

Malori yalikuwa yakija na kwenda, na kila lilipopita lilimwaga vumbi jeupe lililofunika jua. Mama Mkia alikaza kamba ya kofia. Moyo ulikuwa unakwenda mbele ya baiskeli. Alitazama mitaro ya pande zote mbili, kwanza akitafuta mtu, kisha, Mungu amsamehe, akitafuta kiatu.

Alimkuta amekaa juu ya bomba la saruji kando ya barabara. Baiskeli ilikuwa imelala miguuni pake, mnyororo umetoka na kujizungusha kwenye ekseli. Mikono ya mzee ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na uso mweupe kwa vumbi, kama mtu aliyeanza kuoshwa akaachwa njiani.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa."

"Kwenye kona hapakuwa na mtu. Kona zote walisimama watu, ile tu haikuwa na mtu."

"Alikuwepo. Nilimwondoa mimi."

"Kwa nini?"

"Akiniona mimi anajua nyuma hakuna mtu. Nilipita, akaniona."

Mzee alifikiri. Hakuwa mjinga, alikuwa mkali tu, na watu huchanganya mambo hayo mawili.

"Mimi nilikuambia upite."

"Uliniambia."

"Mgonjwa akimwambia daktari amkate mguu, anakatwa?"

"Kwangu leo umekatwa," alisema Mama Mkia, akachuchumaa na kufungua kisanduku. "Sogeza kiatu."

Alilegeza gurudumu, akaanza kuuchomoa mnyororo kidogo kidogo. Lori lilipita, ardhi ikatetemeka. Mzee alimtazama akifanya kazi, mikono yake michafu ameiweka mbali na suruali.

"Maisha yangu nimesimamia mitihani," alisema, kama anayelalamika kwa bomba. "Nikitembea nyuma ya madawati. Najua anayekaa nyuma ya mtu anatafuta nini. Anatafuta kosa."

"Mimi natafuta pancha."

"Hujawahi kutafuta kosa?"

"Nikitafuta ningeanza na tandiko lako, limekaa chini mno. Ndiyo maana magoti yanakupiga masikio." Alichukua spana na kulipandisha bila kumwomba ruhusa. "Lakini asubuhi ulikataa niliguse."

"Nilikataa kwa sababu hukuniuliza vizuri."

"Sasa sikuulizi kabisa."

Mzee aliinuka kwenye bomba. Kisha akasema, akitazama malori, "Lile neno la mume wako..."

"Liache hapo lilipodondoka. Panda."

Alipanda. Miguu yake sasa ilinyooka, na hilo lilimkera pia, kwa kuwa ilionyesha kwamba tangu asubuhi aliteseka kwa ubishi wake mwenyewe.

"Tangulia wewe basi," alisema. "Unionyeshe njia."

"Penye kulia nitasema kulia. Penye kushoto nitasema kushoto. Kutangulia sitangulii."

"Una kichwa kigumu."

"Hicho kilikufa. Mimi mkia."

Wakaenda. Barabara ilikuwa nyembamba, na malori yalipowajia kwa nyuma Mama Mkia hakukaa kando. Alisogea katikati, akapanua viwiko, akawa mpana kadiri mwili wake ulivyoweza, ili dereva apunguze mwendo kabla ya kumfikia mzee. Dereva wa kwanza alipiga honi. Wa pili alitoa kichwa dirishani na kumtukana tusi refu lililomgusa mama yake na ukoo wa mama yake. Mzee alilisikia lote. Kisogo chake kilikakamaa, masikio yakasogea nyuma kidogo, kama ya punda. Hakugeuka. Lakini tangu hapo hakusema tena pita.

Kilima cha kasri mzee alikipanda kwa miguu akisukuma baiskeli, na Mama Mkia akasukuma yake kwa nyuma, kisanduku kikilia taratibu.

Kundi lilikuwa limeshatoka. Wamekaa juu ya ukuta wamekunja sura, wengine wamejifunika vitambaa kichwani. Lango lilikuwa limefungwa, na bawabu alikuwa anakula karanga bila kumpa mtu. Muuza vioo alipowaona alipiga makofi polepole, yale makofi ya kumwambia mtu angalau aone haya.

"Maharusi wamefika," alisema. Baadhi ya watu walicheka. Bibi harusi wa kweli hakucheka.

Shemeji alikuwa na simu mkononi. Aliitia mfukoni, akamwendea mzee kwa hatua za mwenye duka, akimpa tabasamu ambalo Mama Mkia hajaliona mwaka mzima.

"Pole sana, Mwalimu. Pole kwa yaliyokukuta. Mimi ndiye kiongozi hapa, na napenda wateja wangu waseme ukweli bila kumwogopa mtu. Una malalamiko?"

Wote walitega sikio. Mama Mkia alikuwa bado chini ya ukuta, hajafika kwenye uwanja, mkono mmoja juu ya tandiko.

"Ninayo," alisema mzee. "Mengi. Tandiko lenu ni la kutesea watu. Kofia hii imevaliwa na mtu mwenye chawa. Mlima mmeuweka mahali pabaya. Huyo bwana mnene aache kupiga makofi, si shule ya chekechea hii. Na kasri sikuliona, wanangu nitawaambia niliona ukuta."

"Na huyu wa nyuma?" Shemeji alisogea karibu. "Huyu aliyekuwa nyuma yako?"

Mzee alitazama mikono yake myeusi, akaifuta kwenye suruali yake safi, upande huu, kisha upande huu.

"Wa nyuma sikumwona," alisema. "Alikuwa nyuma."

Akaiegemeza baiskeli ukutani, penye ule ufa wenye umbo la mkono, na kwenda kukaa kivulini mbali na kila mtu.

Shemeji alibaki amesimama katikati ya uwanja. Simu ililia mfukoni mwake, ikalia, ikanyamaza. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye tundu lao la ukutani.

Mama Mkia aliipandisha baiskeli hatua zile zilizobaki, akavuka maganda ya karanga ya bawabu, akasimama mahali mkia unaposimama siku zote. Aligeuka akatazama alikotoka. Barabara ilikuwa tupu mpaka chini kabisa, vumbi limeanza kutulia juu yake.

"Wa mwisho," alisema, "ni mimi."